Jenerali China na Vita Vyake Viwili

Jina la Jenerali China hutajwa darasani kwa pumzi moja na lile la Dedan Kimathi, kisha mwalimu huendelea na somo lake. Laiti angetua hapo kidogo. Waruhiu Itote, maana hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake, alipigana vita viwili, na vyote viwili vilimfuata hadi nyumbani.

Alizaliwa mwaka 1922 katika sehemu za Mukurwe-ini, Nyeri. Mnamo Januari 1942 alijiunga na King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, naye akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Huko alipata cheo cha koplo. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1967, anasimulia jinsi askari mmoja Mwingereza alivyomwuliza anapigania nini hasa, yeye asiyekuwa na uhuru wa kuulinda kwao. Jibu hakuwa nalo. Aliona pia kwamba penye mizinga na risasi majivuno ya rangi hutoweka. Mwafrika na Mzungu walikunywa chai moja na kucheka mzaha mmoja.

Chai hiyo ilikwisha mwaka 1945. Askari wa Kizungu waliotoka vitani walitengewa mashamba katika nyanda za juu. Mwafrika alirudi kwenye kipande chake. Itote alipata kazi ya kuchochea makaa katika garimoshi, na swali la yule Mwingereza likawa lingali kifuani mwake. Mwaka 1950 alikula kiapo, na mwaka 1952 akaingia msitu wa Mlima Kenya.

Humo msituni ndimo Burma ilipojitokeza tena. Zamu za walinzi, nidhamu, mbinu za kuvizia, hata vile vyeo vya jenerali na fildmashali, mengi ya hayo yalikuwa mafunzo ya Keya yaliyogeuziwa mwenyewe. Mkoloni alikuwa amemfundisha adui yake kwa gharama zake mwenyewe!

Tarehe 15 Januari 1954 alikamatwa, akiwa na jeraha la risasi kooni. Alihojiwa kwa muda wa saa 68, akashtakiwa na kuhukumiwa kunyongwa. Kisha akakubali kuwaandikia wenzake barua ili wazungumze na serikali, naye akaponea kitanzi. Mazungumzo hayo yalivunjika mwezi wa Aprili.

Hapa ndipo wengi humhukumu, na kwa maoni yangu humhukumu kwa haraka mno. Kimathi alinyongwa mwaka 1957. Kifo kilimkinga na maswali. China aliishi, na anayeishi hudaiwa maelezo. Kumbukumbu ya taifa hupenda shujaa au msaliti, wala haina kiti cha mtu aliyejeruhiwa, aliyehojiwa siku karibu tatu, akachagua kuona kesho. Mwanafunzi anayeulizwa katika mtihani ataje mashujaa hapewi nafasi ya kulieleza hilo.

Alifungwa Lokitaung, kule Turkana, pamoja na Jomo Kenyatta, ambaye alimfundisha Kiingereza. Aliachiliwa mwaka 1962. Baada ya mafunzo ya kijeshi Israel, alikuwa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa kwa miaka mingi, akiwatia nidhamu vijana ambao wengi wao hawakujua alikotoka. Nchi yenyewe ilikuwa imeambiwa isamehe na kusahau, na kwamba kila mtu alipigania uhuru. Kauli hiyo iliwafaa sana wale ambao hawakuwahi kuingia msituni.

Itote aliaga dunia mwaka 1993. Mau Mau ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1950, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2003. Hivyo basi mtumishi huyu wa serikali huru alizikwa akiwa, mbele ya sheria ya serikali hiyo hiyo, mwanachama wa chama haramu.