Mwalimu Mallory na wapagazi saba wa Everest

Jina la George Mallory nililisikia mara ya kwanza darasani Ulyankulu, Tabora, tulikokulia ukimbizini. Mwalimu wetu wa jiografia alimsifu kama shujaa wa Everest. Leo nimerudi nyumbani Burundi, nami ni mwalimu, na wanafunzi wangu nawasimulia pia habari za wapagazi ambazo sisi hatukuambiwa.

Mallory alizaliwa Uingereza mwaka 1886, mtoto wa mchungaji. Alisoma Cambridge, akafundisha shule ya Charterhouse, kisha akapigana Vita Kuu ya Kwanza katika kikosi cha mizinga. Mwaka 1921 alikwenda Tibet na msafara wa kwanza uliotafuta njia ya kupanda Everest. Mwaka uliofuata alirudi.

Mwanzoni mwa Juni 1922 theluji nyingi ilianguka mlimani, kisha jua likatoka. Hapo ndipo penye mtego, ndugu msomaji. Theluji mpya huwa bado haijashikamana na ya zamani iliyo chini yake. Mteremko huonekana umetulia, kumbe unangoja uzito kidogo tu. Majira ya mvua yalikuwa yanaingia na siku zilikuwa zinawaishia, hivyo Mallory hakutaka kungoja zaidi.

Tarehe 7 Juni aliongoza jaribio la tatu: Waingereza 3 na wapagazi 14, wamefungana kamba, theluji ikiwafika magotini. Ghafla ukasikika mlio kama wa baruti, na mteremko ukateleza. Wapagazi 9 walisombwa na kutupwa chini ya ukuta wa barafu. Wawili walifukuliwa wakiwa hai, saba wakafa. Waingereza wote watatu walipona.

Mallory alijilaumu sana. Watu wale walikuwa wamemwamini, na kuijua hatari ile lilikuwa jukumu lake.

Hata hivyo alirudi tena mwaka 1924. Tarehe 8 Juni yeye na kijana Andrew Irvine walionekana wakipanda, kisha wingu likawafunika na dhoruba ya theluji ikaupiga mlima. Hawakurudi. Mwili wa Mallory ulipatikana mwaka 1999, ukiwa na alama za kamba kiunoni. Kama alifika kileleni, hadi leo haijulikani.

Kwetu hakuna theluji, lakini milima tunayo. Desemba 2019, baada ya mvua kubwa, vilima vya Mugina huko Cibitoke viliporomoka usiku na kuua watu wengi. Ninyi mnaovuka mpaka na bidhaa, na sisi tuliorudi kujenga vilimani, tukiona mvua imekatika hufurahi na kushika njia, ilhali udongo bado umeshiba maji. Anayetangulia mbele asidanganywe na jua la asubuhi. Kwanza awatazame waliobeba mizigo nyuma yake.