Maisha ya Martin Niemöller, Mchungaji wa Dahlem

Siku hizi, katika nchi kadha wa kadha, wako wakuu wanaolitukuza taifa lao na kuwabana wapinzani wao, na watu huulizana kama hao ndio Wafashisti wa zamani waliorudi. Wengi hulinganisha mambo ya leo na yale ya mwaka 1945, yaani makambi ya mauti na miji iliyoteketea. Na kwa kuwa hawayaoni hayo, hutulia. Sisi twaona kipimo hicho hakifai, na maisha ya Niemöller yaonyesha sababu.

Alizaliwa Lippstadt, Ujerumani, tarehe 14 Januari 1892, mwana wa mchungaji wa Kilutheri. Akawa afisa wa manowari, na mwaka 1918 aliongoza chombo cha kivita kiendacho chini ya maji. Nchi yake iliposhindwa, uchungu ulimshika kama ulivyowashika wengi. Akajifunza theolojia Münster, akabarikiwa mwaka 1924, na mwaka 1931 akapewa usharika wa Dahlem katika Berlin.

Basi mtu huyu hakuwa adui wa Hitler. Alikipigia kura chama chake mwaka 1924, akakipigia tena Machi 1933, kwa maana kilinena habari za heshima ya taifa, na umoja, na dini pia. Udikteta ulimjia kama rafiki wa mambo aliyoyapenda. Tena ulikuja kwa sheria: Februari 1933 uhuru wa magazeti na mikutano ulisimamishwa, Machi bunge likampa Hitler mamlaka ya kutunga sheria, na kambi ya Dachau ikafunguliwa, Julai kikabaki chama kimoja tu. Wakuu wengi wa leo huviacha vyama na kura, wakazishika mahakama na magazeti. Tofauti hiyo ni kubwa, wala hatuifichi.

Septemba 1933 wafuasi wa Hitler ndani ya kanisa walipitisha kanuni ya kuwaondoa wachungaji wenye asili ya Kiyahudi. Hapo Niemöller akaunda umoja wa wachungaji wa kuipinga, wakajiunga wapata 7,000. Lakini aliowatetea ni Wayahudi waliobatizwa. Juu ya wengine alinyamaza, na katika mahubiri yake ya miaka ile yalikuwamo maneno mabaya juu yao. Twayaandika haya kwa huzuni, maana wengine wasimuliapo habari zake huyaruka.

Tarehe 1 Julai 1937 alikamatwa. Machi 1938 mahakama iliona kifungo chake kimekwisha, lakini polisi wa siri wakamchukua papo hapo, wakampeleka Sachsenhausen kama mfungwa wa Hitler mwenyewe, na mwaka 1941 Dachau. Hata hivyo, vita vilipoanza mwaka 1939, aliomba kutoka kifungoni arudishwe katika manowari! Alifunguliwa mwaka 1945.

Mwaka huo alikwenda Dachau pamoja na mkewe, Else. Penye tanuru la kuchomea maiti walikuta kibao chenye habari ya waliochomwa tangu 1933 hata 1945. Kwa miaka minane ya mwisho Niemöller alikuwa na jibu, maana yeye mwenyewe alikuwa kifungoni. Kwa miaka minne ya kwanza hakuwa nalo. Akaanza kuzunguka akiungama hayo mbele ya watu, na Januari 1946, huko Erlangen, wanafunzi wakampigia kelele. Hakuacha kuyasema, hata alipokufa Wiesbaden tarehe 6 Machi 1984.