Jacques-Yves Cousteau na Kengele ya Thistlegorm

Maji usiyoyafika hujui wingi wake, walisema wahenga. Kwa karne nyingi binadamu aliisafiri bahari juu kwa juu, akavua humo, akapigana humo na kuziacha humo meli pamoja na mabaharia wake, ilhali yaliyokuwa chini yalibaki fumbo. Wazamiaji wa lulu walishuka kwa pumzi moja tu. Wengine walivaa kofia nzito za shaba na kusukumiwa hewa kwa mpira kutoka chomboni, wasiweze kwenda mbali kuliko urefu wa mpira huo. Miongoni mwa waliomfungua mzamiaji kamba hiyo, hakuna aliyevuma kumshinda Mfaransa Jacques-Yves Cousteau. Hata hivyo, maisha yake hayasimuliki kwa sifa tupu, kwani mkono uliolifungua lango la bahari ndio uliowahi pia kuchukua vilivyokuwamo.

Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, kusini magharibi mwa Ufaransa. Mwaka wa 1930 alijiunga na chuo cha wanamaji huko Brest. Azma yake ilikuwa kuwa rubani, lakini mwaka wa 1936 ajali ya gari ilimuumiza vibaya mikono, na ndoto ya kuruka angani ikafa. Alipokuwa akiogelea ili kuirejeshea mikono nguvu, afisa mwenzake, Philippe Tailliez, alimpa miwani ya majini. Aliinamisha kichwa, akaona bustani ambayo hakuwahi kuidhania. Tangu siku hiyo bahari ikawa ndiyo kazi yake.

Mwaka wa 1943, Ufaransa ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, Cousteau na mhandisi Émile Gagnan waliunda kifaa kilichobadilisha uzamiaji. Mzamiaji alibeba mgongoni mitungi ya hewa iliyoshindiliwa, na kidhibiti kikampa hewa kila alipovuta pumzi, kwa shinikizo lililolingana na la maji yaliyomzunguka. Jambo hili si dogo. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo sawa na lile la hewa tunayoishi ndani yake, hivyo kwamba kwenye mita 30 shinikizo huwa mara nne ya lile la juu. Bila ulinganifu huo, kifua hakiwezi kupanuka kuvuta pumzi. Mwaka huohuo Cousteau na wenzake walitengeneza filamu kuhusu meli zilizozama. Ni dhahiri kwamba mabaki ya meli yalimvuta tangu mwanzo.

Baada ya vita, mwaka wa 1950, alipata meli Calypso, iliyokuwa imeundwa kufagia mabomu ya baharini. Akaigeuza kuwa maabara na studio. Mwaka wa 1955 Calypso ilishika njia ya Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, na ni katika msafara huo ndipo Cousteau na wazamiaji wake walipoifikia Thistlegorm.

Thistlegorm ilikuwa meli ya mizigo ya Uingereza yenye urefu wa takriban mita 126. Mwaka wa 1941 ilizunguka ncha ya kusini ya Afrika, kwa kuwa njia ya Mediterania ilikuwa ya hatari, ikiwapelekea wanajeshi wa Uingereza waliokuwa Misri silaha, malori, pikipiki, mabuti na vichwa viwili vya treni. Ilitia nanga kwenye miamba ya Sha'ab Ali, karibu na Sinai, ikingoja zamu ya kuelekea Suez. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba ndege za Ujerumani ziliishambulia. Baruti iliyokuwa ndani ikalipuka na meli ikazama hadi kina cha mita 30 hivi. Watu tisa walifariki.

Wazamiaji wa Cousteau walikuta malori yamepangika ndani kama siku yalipopakiwa, samaki wakipita kwenye milango ya vyumba vya mabaharia. Kengele ya meli ilipokwanguliwa uchafu wa bahari, jina likajitokeza. Kengele hiyo ilichukuliwa, pamoja na sefu ya nahodha. Cousteau hakuwatangazia watu mahali penyewe, na meli ikalala takriban miaka arubaini kabla ya wazamiaji kuifikia tena mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Picha za Thistlegorm ziliingia katika filamu ya Le Monde du silence, iliyopata tuzo kuu ya Cannes mwaka wa 1956 na Oscar mwaka uliofuata. Mamilioni waliiona bahari kwa ndani kwa mara ya kwanza. Lakini filamu hiyohiyo inawaonyesha mabaharia wa Calypso wakilipua matumbawe kwa baruti ili wahesabu samaki, na wakiwaua papa kwa hasira. Mtazamaji wa leo hawezi kuitazama bila kushtuka.

Wapo wanaomhukumu Cousteau kwa hayo, na hawakosi hoja. Hata hivyo, haki inadai atazamwe hadi mwisho wa safari yake. Aliporudi miaka ya baadaye mahali alipozamia ujanani, alikuta samaki wamepungua na matumbawe yamekufa. Mwaka wa 1960 alipinga hadharani mpango wa kutupa taka za nyuklia katika Mediterania. Mwaka wa 1973 aliasisi shirika la kuhifadhi bahari, na uzeeni akawa miongoni mwa waliopigania bara la Antaktika lisichimbwe madini, jambo lililotiwa katika mkataba mwaka wa 1991. Majonzi nayo hayakumwacha: mwaka wa 1979 mwanawe Philippe alifariki ndege yake ilipoanguka katika mto Tagus, Ureno.

Mnamo Januari 1996, katika bandari ya Singapore, tishari liliigonga Calypso ikazama. Aliyezamia meli za wengine akaiona ya kwake imelala chini ya maji ya joto. Iliopolewa, lakini Cousteau hakusafiri nayo tena. Alifariki mjini Paris tarehe 25 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 87.

Urithi wake unafika hadi Mombasa. Kati ya 1977 na 1980, wazamiaji wenye mitungi mgongoni waliyachunguza mabaki ya Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka wa 1697, wakati ngome ilipozingirwa na Waomani. Walipima, wakachora na kuandika kila kitu kilipolala. Vifaa vilivyopatikana vikawekwa katika makumbusho ya ngome hiyo, na mbao za meli zikafukiwa tena palepale chini ya bahari. Thistlegorm haikupata bahati hiyo. Tangu ifikiwe tena, wageni wameichukulia vitu vingi, na kamba za mashua za watalii zimeuvunja mwili wake, ilhali ndiyo kaburi la waliokufa humo. Cousteau aliwafundisha watu kushuka. Somo la kushuka bila kupokonya alilijifunza polepole, na wanaomfuata kwenye kina hicho bado wana deni la kulikamilisha.