Tabibu wa Merikebu na Siri ya Moto

Alfajiri, katika vichochoro vya Kibera na Kawangware, majiko ya makaa huwashwa na sufuria za chai zikatelekwa. Maji yakichemka, kifuniko huruka-ruka. Ni nini kikinyanyuacho? Kuna mtu aliyeteseka sana kwa ajili ya jawabu la swali hilo: tabibu wa Kijerumani, Julius Robert Mayer.

Mayer alizaliwa mjini Heilbronn mwaka 1814, mtoto wa muuza dawa. Alisomea utabibu, na mwaka 1840 akapanda merikebu ya Waholanzi iliyotoka Rotterdam, ikaikata Bahari ya Hindi, bahari yetu hii, hadi Java. Walipofika huko mabaharia waliugua. Alipowatoa damu mkononi, ilivyokuwa desturi ya matabibu wa zama zile, kama wetu wapigavyo chuku, aliiona damu ya mshipa ni nyekundu kuliko aliyoizoea Ulaya. Akawaza: penye joto, mwili hauna haja ya kuunguza chakula kingi ili upate vuguvugu. Basi chakula ni kuni za mwili. Na joto na kazi ni ndugu wa tumbo moja.

Aliporejea aliandika makala mwaka 1841, yasichapishwe. Mengine yakatoka mwaka 1842, lakini wakuu wa elimu hawakuyajali. Mwaka 1848 akafiwa na watoto wawili. Mwaka 1850 akajitupa dirishani. Akanusurika, na baadaye akatiwa katika nyumba ya wenye maradhi ya akili.

Mwaka huo huo wa 1850, Mjerumani mwenziwe, Rudolf Clausius, aliiweka sawa hesabu ya nishati iliyomo ndani ya kitu. Ni kama daftari la duka: hesabu joto liingialo, toa kazi itokayo, kinachosalia ni nyongeza ya akiba ya ndani. Joto la makaa likiingia sufuriani, sehemu hunyanyua kifuniko, nyingine husalia majini. Hata lile lipotelealo kando huipasha hewa. Hakuna kinachotoweka.

Mwaka 1862, John Tyndall alilitaja jina la Mayer mbele ya wataalamu wa London, na mwaka 1871 akatunukiwa nishani ya Copley. Alifariki mwaka 1878, haki yake ameiona kwa macho.

Muuza chai wa Kawangware huenda hajapata kulisikia jina hilo. Lakini kila anunuapo kopo la makaa anaijua kanuni yake: hakuna moto wa bure.