Galileo Galilei na Hesabu ya Magari Yanayopitana

Kila mara mwanafunzi wa Fizikia anapokokotoa muda ambao gari moja litahitaji ili kulipita jingine, hutumia fikra za mtu aliyefariki karibu karne nne zilizopita. Mtu huyo ni Galileo Galilei, na maisha yake yanawahusu wanafunzi wa lugha kama yanavyowahusu wanasayansi.

Galileo alizaliwa tarehe 15 Februari 1564 mjini Pisa, Italia. Babake, Vincenzo, alikuwa mwanamuziki. Mwaka 1581 kijana huyo aliingia Chuo Kikuu cha Pisa kusomea udaktari, lakini hisabati ikamteka, na mwaka 1585 aliondoka bila shahada. Hata hivyo, mwaka 1589 alirudi chuoni humo akiwa mwalimu wa hisabati. Kuanzia 1592 alifundisha Padua kwa miaka 18. Huko aliviringisha magololi kwenye ubao ulioinamishwa, na kupima muda kwa maji yaliyochuruzika kutoka chomboni. Alibaini kwamba muda ukiongezwa mara 2, umbali huongezeka mara 4. Ukiongezwa mara 3, umbali huongezeka mara 9.

Mwaka 1610, kwa kutumia darubini, aliona miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii. Akazidi kuamini, kama alivyofundisha Copernicus, kwamba dunia hulizunguka jua. Wapinzani wakauliza: ikiwa dunia inakwenda, mbona hatuhisi? Galileo alijibu kwa mfano wa merikebu. Aliye ndani ya chumba kilichofungwa, merikebu ikienda sawasawa bila kuyumba, hawezi kutambua kama inakwenda au imetia nanga. Mwendo hujulikana kwa kulinganishwa na kitu kingine.

Fikra hiyo ndiyo kiini cha hesabu ya magari yanayopitana. Chukulia basi lenye urefu wa mita 12 lililotoka katikati ya jiji la Nairobi. Limekwisha kupita Westlands, nalo linaifuata Barabara ya Waiyaki kuelekea Kangemi kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Nyuma yake inakuja matatu yenye urefu wa mita 8, kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa. Kati ya pua ya matatu na mkia wa basi pana mita 80.

Anayejaribu kuyafuata magari yote mawili kwa wakati mmoja huchanganyikiwa. Njia ya Galileo ni kuketi ndani ya basi. Kwa abiria wa basi, basi limetulia, na matatu inakaribia kwa tofauti ya kasi hizo mbili, yaani mita 5 kwa sekunde. Ili mkia wa matatu uiache pua ya basi, zinahitajika mita 80, 12 na 8, jumla mita 100. Ukigawa kwa 5 unapata sekunde 20. Katika muda huo matatu imekwenda mita 300 na basi mita 200.

Jibu hilo si la mtihani tu. Katika barabara ya pande mbili isiyo na kizuizi katikati, gari linalokuja kutoka mbele kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde nalo litakwenda mita 300. Dereva atakayehamia upande wa pili mwanzoni mwa sekunde hizo ahitaji mita 600 zilizo wazi mbele yake. Anayedhani kupita ni jambo la kufumba na kufumbua huhatarisha roho za watu.

Baada ya 1610 Galileo aliandika zaidi kwa Kiitaliano kuliko Kilatini, ili hata wasiosoma vyuoni waelewe. Kitabu chake cha 1632 kilikuwa mazungumzo ya wahusika watatu, karibu na tamthilia. Kiliwafikia wengi, nacho kikamponza. Aliitwa Roma kuhukumiwa na Kanisa, na tarehe 22 Juni 1633, akiwa na umri wa miaka 69, alipiga magoti akakana aliyoyaamini. Akafungiwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na Firenze. Mwaka uliofuata alifiwa na bintiye mtawa, Maria Celeste, hatimaye akapofuka. Hata hivyo, alikamilisha kitabu chake kikuu kuhusu mwendo, kikachapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638. Alifariki tarehe 8 Januari 1642. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kwamba waliomhukumu walikosea.

Katika shule za sekondari nchini Kenya, Fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, na wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba. Hesabu ya basi na matatu imefika kwenye jibu lake kwa Kiswahili, bila kuazima sentensi hata moja. Kiitaliano nacho hakikuwa lugha ya vyuo vikuu enzi za Galileo. Kilipata uwezo huo kwa sababu walikuwapo walioandika kwacho.