Lucien Wolf, mwanahabari aliyepekua nasaba za Wayahudi

Huku kwetu Pwani, ukitaka kumkasirisha mtu mzima, itilie shaka nasaba yake. Ndiyo maana namstahi Lucien Wolf wa London, aliyethubutu kuifanya kazi hiyo ndani ya jamii yake mwenyewe, Wayahudi wa Uingereza.

Alizaliwa mwaka 1857, baba yake akiwa mkimbizi wa kisiasa kutoka Bohemia. Akiwa na miaka 17 aliingia gazeti la Jewish World. Kuanzia 1890 hadi 1909 alisimamia habari za nje katika Daily Graphic. Katikati ya shughuli hizo, mwaka 1893, alishiriki kuunda jumuiya ya historia ya Wayahudi wa Uingereza, akawa rais wake wa kwanza.

Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, na kurudi kwao huhesabiwa tangu 1656. Wolf alipekua nyaraka za serikali, akaonyesha kuwa hata kabla ya hapo wafanyabiashara kama Antonio Carvajal waliishi London wakijulikana kuwa Wakatoliki, dini yao wameificha.

Kisha akamfikia mkubwa wao, Benjamin Disraeli, aliyekuwa waziri mkuu. Disraeli aliandika kwamba wazee wake walifukuzwa Hispania, wakawa wafanyabiashara wakubwa Venice. Wolf hakuona ushahidi wa hayo. Alichokiona ni babu aliyetoka Cento, mji mdogo wa Italia, akaingia Uingereza mwaka 1748. Disraeli hakupungukiwa na kitu kwa hilo. Kilichoanguka ni hadithi tu.

Kenya pia inaingia katika habari zake. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa Wayahudi ardhi ya Uasin Gishu. Mkutano wa Wazayuni ulipokataa mwaka 1905, Israel Zangwill aliunda chama cha kutafuta ardhi kwingineko, na Wolf akajiunga. Hapo nina neno naye: wenyeji wa Uasin Gishu, nao wenye babu zao, hakuna aliyewauliza.

Macho yalimfifia hata akawa karibu kipofu, lakini hakuacha. Mwaka 1919 alikuwa Paris akitetea haki za Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mwaka 1926 alitoa kitabu cha Wayahudi wa visiwa vya Canary, kutokana na kumbukumbu za mahakama ya kanisa iliyowatesa. Alifariki 1930.

Nasi tuna wazee na makaratasi ndani ya masanduku. Tuwaulize, tuyasome, na tuwe tayari kupata babu wa Cento.