Ramanujan: Karani Aliyevuka Bahari kwa Ajili ya Hesabu

Wengi wetu tukiota masomo ya ng'ambo huwa tunaona ndege, theluji na picha nzuri za kutuma nyumbani. Leo nataka kuwasimulia maisha ya kijana mmoja Mhindi aliyekwenda Uingereza kusomea hesabu, halafu mpime wenyewe. Jina lake lilikuwa Srinivasa Ramanujan.

Ramanujan alizaliwa tarehe 22 Desemba 1887 mjini Erode, kusini mwa India, akalelewa Kumbakonam. Baba yake alikuwa karani katika duka la sari, kwa hivyo mali haikuwako. Alipokuwa na umri wa karibu miaka kumi na sita, yaani rika letu sisi wa kidato cha tatu, alipata kitabu cha Mwingereza aitwaye Carr. Kilikuwa na kanuni za hesabu karibu 5,000, na nyingi hazikuwa na maelezo ya kutosha. Mwingine angekifunga akalale. Yeye alianza kuzitafutia njia mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo raha ilipozaa karaha. Mwaka wa 1904 alipewa ufadhili wa kusoma katika chuo cha Kumbakonam, lakini alipenda hesabu hadi masomo mengine akayatupa. Akaanguka, na ufadhili ukakatwa. Akajaribu chuo kingine mjini Madras, ambao leo huitwa Chennai. Huko akaanguka mtihani mwaka wa 1906, na tena 1907. Fundi wa hesabu akarudi nyumbani mikono mitupu! Karatasi zilikuwa ghali, basi alifanya hesabu kwa chaki kwenye kibao, akafuta kwa kiwiko, kisha akaandika jibu tu katika daftari. Tafadhali likumbuke jambo hilo: njia ilifutwa, jibu likabaki.

Mwaka wa 1909 aliozwa Janaki, msichana aliyekuwa bado mtoto, kama ilivyokuwa desturi ya huko siku hizo. Sasa ilimbidi atafute kazi. Mwaka wa 1912 aliandikwa karani katika bandari ya Madras kwa mshahara wa rupia 30 kwa mwezi. Januari 1913 alimwandikia barua Bwana G. H. Hardy, mwalimu wa hesabu katika chuo cha Trinity, Cambridge, akamtumia kanuni zaidi ya 100. Hardy alizichunguza pamoja na mwenzake Littlewood. Zingine hawakuwa wameona mfano wake maishani. Wakakubaliana kwamba huyu karani si mwongo, ni bingwa.

Leo mtu akitaka kusomea shahada ya pili ya hesabu ng'ambo, kwanza huulizwa ya kwanza iko wapi. Ramanujan hakuwa nayo hata moja. Hata hivyo, Cambridge ilimkubali kwa sababu ya kazi yake, na Chuo Kikuu cha Madras kikatoa pesa. Kizuizi kilikuwa nyumbani. Yeye alikuwa Mbrahmini, na kwa mila zao kuvuka bahari kulimtia mtu unajisi. Mama yake alikataa kabisa. Inasimuliwa kwamba baadaye aliota mungu wao wa kike akimwamuru asimzuie mwanawe, ndipo akakubali. Ramanujan akakata nywele zake za kimila, akavaa suti, na tarehe 17 Machi 1914 akapanda meli. Janaki akabaki na mama mkwe.

Kimasomo mambo yalikuwa matamu. Hardy alitaka kila jibu lithibitishwe hatua kwa hatua, na Ramanujan, aliyezoea kufuta njia kwa kiwiko, ilibidi ajifunze kuionyesha. Machi 1916 alipewa shahada kwa utafiti wake. Kisha yeye na Hardy wakatafuta kanuni ya kujua nambari yaweza kugawanywa katika mafungu kwa njia ngapi. Chukua 4: ni 4, au 3+1, au 2+2, au 2+1+1, au 1+1+1+1. Njia tano tu. Rahisi, sivyo? Lakini 10 ina njia 42, na 100 ina njia 190,569,292! Kanuni yao ilitolewa mwaka wa 1918.

Nje ya vitabu, mambo yalikuwa mengine. Siku moja Mhindi mwenzake, Mahalanobis, alimtembelea akamsikia akilalamika kwamba usiku hulala na koti na bado anatetemeka. Mahalanobis akaingia chumbani, akaona blanketi nyingi zimetandikwa vizuri sana. Kumbe Ramanujan alikuwa akilala juu yake! Ilibidi aonyeshwe jinsi ya kuingia ndani. Tunaweza kucheka, lakini tufikirie pia. Bingwa wa nambari alishindwa na kitanda cha ugenini.

Zaidi ya hayo, hakula nyama na alijipikia mwenyewe. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka wa 1914, vyakula alivyovizoea vikawa adimu. Nyumbani nako, barua za Janaki zilizuiwa na mama mkwe. Mwaka wa 1917 Ramanujan akaugua, akawa wa kuhamishwa hospitali hii hadi ile. Huko Putney, Hardy alimwambia kwamba teksi iliyomleta ilikuwa na nambari isiyo na maana, 1729. Mgonjwa akamkosoa palepale. Alisema hiyo ndiyo nambari ndogo kabisa inayopatikana kwa njia mbili hivi: 1×1×1 na 12×12×12 ukijumlisha, au 9×9×9 na 10×10×10. Piga hesabu uone.

Mwaka wa 1918 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, na akawa Mhindi wa kwanza kuwa mmoja wa wasomi wakuu wa Trinity. Lakini sifa si dawa. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: mwaka wa 1919 alirudi India akiwa amekonda. Alifariki tarehe 26 Aprili 1920, akiwa na miaka 32 tu. Hata kitandani hakuacha kuandika. Karatasi zake za mwisho zilipatikana mwaka wa 1976 katika maktaba ya Trinity, na wataalamu wakazifanyia kazi miaka mingi.

Ndugu msomaji, akili ilimfikisha Ramanujan Cambridge, lakini akili peke yake haikumpa joto wala chakula. Basi wewe unayeota ng'ambo, soma masomo yote, onyesha njia ya kila jibu, na ukifika ugenini usione haya kuuliza. Nasi tunaobaki, tukimwona mgeni anatetemeka, tumwonyeshe blanketi.